Juma Ikangaa, mwana wa Dodoma aliyekataa kukimbia nyuma ya wenzake

Sekunde moja ndiyo iliyomtenganisha Juma Ikangaa na ushindi wa Boston. Ilikuwa Jumatatu, Aprili 18, 1988. Wanaume wawili wa Afrika Mashariki, Mkenya na Mtanzania, waliingia mtaa wa Boylston wakiwa wamebanana, umati ukipiga kelele pande zote za barabara. Ibrahim Hussein akachomoka mwishoni kabisa na kukata utepe kwa saa 2:08:43. Ikangaa akafika kwa saa 2:08:44. Nusu dakika baadaye akaingia John Treacy wa Ireland, mshindi wa medali ya fedha ya marathoni kwenye Olimpiki ya Los Angeles.

Mbio za Boston zilianza 1897, na hadi siku ile hakuna Mwafrika aliyekuwa amezishinda. Hussein akaandikwa kuwa wa kwanza. Mzaliwa wa Dodoma akarudi mwaka uliofuata kujaribu tena, akawa wa pili nyuma ya Abebe Mekonnen wa Ethiopia. Akarudi 1990, akawa wa pili kwa mara ya tatu mfululizo, safari hii nyuma ya Gelindo Bordin wa Italia.

Watanzania wengi wanaomkumbuka Ikangaa wanamkumbuka kwa hilo. Wengine huongeza kwamba alikuwa wa pili Brisbane na wa pili Fukuoka, kisha hutikisa kichwa kwa huruma. Mimi sioni sababu ya kumwonea huruma. Nafasi zake za pili ni historia ya mtu aliyekataa kujificha nyuma ya migongo ya wenzake, na ukizisoma pamoja na ushindi wake unaona wazi kwamba zote zilitokana na ukaidi ule ule.

Katika marathoni, anayetangulia ndiye anayepasua upepo na kupanga kasi. Hawezi kujua aliye nyuma yake amebakiwa na nguvu kiasi gani, na hofu hiyo anaibeba kilomita baada ya kilomita. Anayefuata hupumzisha akili. Kazi yake ni kutazama mgongo ulio mbele na kungoja. Wakimbiaji wengi wakubwa wameshinda kwa kungoja. Ikangaa, mtu mfupi wa kimo mwenye hatua za haraka haraka, alipenda kuchukua uongozi mapema na kuwaumiza wote, yeye mwenyewe akiwa miongoni mwao.

Alizaliwa Dodoma Julai 19, 1957, wakati mji huo ulikuwa makao ya Jimbo la Kati la Tanganyika chini ya Waingereza. Ulikuwa mji wa stesheni ya Reli ya Kati, katikati ya tambarare kavu ambako mvua hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili na kwa wastani haifikishi milimita 600 kwa mwaka. Ni nchi ya uwele na mtama, ya mibuyu na vumbi jekundu, ambako maji hufuatwa mbali na mifugo huchungwa mbali zaidi. Chama tawala cha TANU kilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie huko, Ikangaa alikuwa kijana wa miaka 16.

Watu hupenda kueleza mafanikio ya wakimbiaji wetu kwa neno moja, mwinuko, na kuishia hapo. Ni kweli kwamba mwili unaoishi juu, penye hewa nyepesi, hutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi za damu, na chembe hizo ndizo zinazobeba oksijeni kwenda kwenye misuli. Lakini Dodoma iko mita zipatazo 1,100 tu juu ya usawa wa bahari, wakati Iten, kitovu cha mazoezi cha Wakenya, iko mita 2,400. Mwenye faida kamili ya mwinuko ni kijana wa nyanda za Mbulu na Hanang, kaskazini zaidi. Huko ndiko alikotoka John Stephen Akhwari, yule aliyeumia goti katika marathoni ya Mexico 1968 na bado akachechemea hadi mwisho usiku, akisema nchi yake ilimtuma kumaliza mbio. Huko ndiko alikotoka pia Gidamis Shahanga wa Katesh, chini ya Mlima Hanang, aliyezaliwa 1957 kama Ikangaa na kushinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton 1978 akiwa na miaka 20 tu.

Kwa hiyo mwinuko peke yake haumwelezi Ikangaa. Yeye mwenyewe alilieleza jambo hilo kwa namna ambayo imezunguka dunia nzima: hamu ya kushinda haina thamani yoyote kama huna hamu ya kujiandaa. Makocha wa nchi nyingi hulirudia wazo hilo, mara nyingine bila kujua kwamba mwenye nalo ni Mtanzania. Jeshi la Wananchi ndilo lililompa nafasi ya kuliishi. Katika miaka ile ambayo wanariadha wengi wa Tanzania hawakuwa na wakala wala mkataba wa kampuni ya viatu, jeshi lilimpa mkimbiaji ajira, nidhamu ya kuamka kabla ya jua na muda wa mazoezi. Ikangaa alidumu jeshini, akapanda vyeo hadi kustaafu akiwa kanali.

Jina lake lilianza kusikika 1982. Mwaka huo alishinda marathoni ya mashindano ya Afrika huko Kairo, kisha Oktoba akaenda Australia kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Brisbane.

Mbio za Brisbane zinastahili kusimuliwa taratibu, kwa kuwa ndizo zilizoonyesha Ikangaa ni mkimbiaji wa namna gani. Wenyeji walikuwa na Robert de Castella, aliyekuwa miongoni mwa wakimbiaji bora wa marathoni duniani, na nchi yao nzima ilikuwa ikimtazama. Mbio zilianza saa 12 alfajiri ili kukwepa joto. Watanzania wawili hawakungoja. Ikangaa na Shahanga, ambaye siku chache kabla alikuwa ameshinda mita 10,000 huku Mtanzania mwenzake Zacharia Barie akiwa wa pili, waliondoka pamoja kwa kasi iliyowashangaza watangazaji. Walijenga pengo kubwa na kulitunza kwa zaidi ya nusu ya safari. Ukitazama picha za siku ile unawaona wanakimbia ubavu kwa ubavu kando ya mto, jezi za Tanzania peke yake barabarani.

Kisha de Castella akaanza kulipunguza pengo. Akampata kwanza Shahanga, aliyekuwa na uchovu wa mita 10,000 miguuni. Kisha akamfikia Ikangaa na kumpita. Hapo ndipo mbio zilipoanza upya: kijana wa miaka 25 kutoka Dodoma, aliyekuwa ameongoza tangu alfajiri, akampita tena de Castella. De Castella akampita. Ikangaa akarudi mbele. Wakabadilishana hivyo mara kadhaa, kila mmoja akitafuta mahali pa kumvunja mwenzake, hadi yule Mwaustralia akapata upenyo. Alimaliza kwa saa 2:09:18, Ikangaa kwa 2:09:30. Mtu wa tatu, Mike Gratton wa Uingereza, alikuwa nyuma kwa zaidi ya dakika mbili na nusu. Waaustralia wanazihesabu mbio zile kuwa kati ya nyakati kuu za michezo katika nchi yao, na wanapozisimulia hawawezi kumtaja shujaa wao bila kumtaja Ikangaa.

Mwaka uliofuata, huko Fukuoka, Japani, ikawa hadithi ya namna hiyo hiyo. Alibaki na Toshihiko Seko hadi ndani ya uwanja, na Seko, aliyekuwa na umaliziaji mkali kuliko mtu yeyote wa marathoni wa wakati ule, akamwacha katika mita za mwisho kabisa. Saa 2:08:52 kwa 2:08:55. Sekunde tatu. Lakini Wajapani, ambao wanaipenda marathoni kama sisi tunavyoupenda mpira wa miguu, hawakumsahau. Februari 1984 alirudi na kushinda Tokyo. Februari 1986 akashinda Tokyo tena kwa saa 2:08:10, akiwaacha nyuma Waethiopia wawili, Belayneh Dinsamo na yule yule Abebe Mekonnen. Desemba ya mwaka huo akashinda Fukuoka, mahali ambapo Seko alikuwa amemnyima.

Kwenye Olimpiki bahati haikuwa yake. Los Angeles 1984 alikuwa wa 6, Seoul 1988 wa 7, na Barcelona 1992, akiwa na miaka 35, alikuja mbali nyuma. Kumaliza ndani ya saba bora mara mbili mfululizo ni jambo ambalo mkimbiaji yeyote wa leo angelifurahia, ila halileti medali, na taifa hukumbuka medali.

Lakini kuna medali moja ambayo hatuna haki ya kumlaumu kwa kutoipata, nayo inahitaji kuelezwa kwa vijana ambao hawakuwapo. Julai 1986 Michezo ya Jumuiya ya Madola ilifanyika Edinburgh, Scotland. Ikangaa alikuwa katika mwaka bora wa maisha yake hadi wakati ule. Miezi mitano tu kabla alikuwa amekimbia Tokyo kwa 2:08:10. De Castella alishinda Edinburgh kwa saa 2:10:15. Ikangaa hakuwapo. Serikali ya Margaret Thatcher ilikuwa imekataa kuiwekea vikwazo vikali Afrika Kusini ya Makaburu, na nchi 32 kati ya 59 zilisusia michezo ile. Tanzania ilikuwa mojawapo.

Sisemi kwamba angeshinda kwa hakika; kila barabara ina mambo yake. Wala sisemi kwamba nchi ilikosea. Kongwa, ndani ya mkoa huo huo wa Dodoma, ndiko walikoweka kambi wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, SWAPO na wengine katika miaka ya 1960, na wananchi wa nyanda hizi waliishi nao kama ndugu. Mkoa uliowapokea wapiganaji wale usingeweza kugeuka na kwenda kushangilia michezo Edinburgh kana kwamba hakuna jambo. Ninachosema ni kwamba gharama ya msimamo ule ililipwa na watu wenye majina. Mkimbiaji Filbert Bayi aliilipa 1976, Tanzania iliposusia Olimpiki ya Montreal. Ikangaa aliilipa 1986. Tunapojivunia mchango wetu katika ukombozi wa kusini mwa Afrika, wanariadha hawa wawe ndani ya hesabu hiyo.

Ndipo zikaja zile safari tatu za Boston. Barabara ya Boston huwadanganya wageni, maana mwanzo wake ni mteremko na miguu hujiona haina mzigo. Vilima vya Newton huja baadaye, baada ya kilomita 25, na hapo misuli iliyotumika vibaya kwenye mteremko hudai malipo yake. Kwa mtu anayependa kukaa mbele ni mtego wa hatari. Mwaka 1990 hasa, kundi la mbele lilianza kwa kasi ya kutisha, Ikangaa akiwa ndani yake, na Bordin akabaki nyuma kwa utulivu akingoja vilima vifanye kazi. Bordin alikuwa bingwa wa Olimpiki ya Seoul, alijua kungoja. Alishinda kwa saa 2:08:19, na Ikangaa akaingia kwa 2:09:52.

Huenda mtu mwingine angejifunza kujificha. Lakini Ikangaa alikuwa tayari na sababu ya kutobadilika, na sababu yenyewe ni ya Jumapili, Novemba 5, 1989.

Siku hiyo alisimama kwenye mstari wa New York, upande wa Staten Island. Marathoni ya New York hupita katika sehemu zote tano za jiji: unavuka daraja la Verrazzano kuingia Brooklyn, unapita Queens, unaingia Manhattan, unagusa Bronx, kisha unarudi kumalizia ndani ya bustani ya Central Park. Madaraja yake yana upepo na miinuko, na si njia ambayo watu huiendea kutafuta rekodi. Bordin alikuwepo. Ken Martin wa Marekani alikuwepo. Ikangaa akafanya kile alichokuwa akifanya siku zote, akaenda mbele. Safari hii hapakuwa na wa kumfuata.

Alikata utepe kwa saa 2:08:01. Martin alifika dakika moja na sekunde 37 baadaye, na Bordin, bingwa wa Olimpiki, sekunde mbili nyuma ya Martin. Ilikuwa rekodi mpya ya njia ile. Rekodi ya awali, 2:08:13, ilikuwa ya Alberto Salazar wa Marekani tangu 1981, na njia iliyokimbiwa mwaka ule ilipopimwa upya iligundulika kuwa pungufu kwa karibu mita 150. Ikangaa alimshinda Salazar kwa sekunde 12 katika njia kamili. Saa hizo 2:08:01 ndizo zilizobaki kuwa muda bora wa maisha yake, na zilisimama kuwa rekodi ya New York kwa miaka 12. Wakapita mabingwa kutoka Kenya, Mexico, Afrika Kusini, Italia. Hakuna aliyezigusa hadi Tesfaye Jifar wa Ethiopia alipokimbia 2:07:43 mwaka 2001.

Ndiyo maana nasema tusimwonee huruma. Mwenendo uliomnyima Brisbane na Boston ndio uliompa New York. Angekuwa mtu wa kungoja, huenda angepata sekunde ile moja ya Boston, lakini asingemwacha bingwa wa Olimpiki kwa dakika nzima na zaidi katika barabara ngumu kama ile. Hatuwezi kuusifu ushindi huo na kuulaumu ukaidi uliouzaa.

Baada ya kuacha kushindana hakuuacha mchezo. Akiwa balozi wa hiari wa shirika la maendeleo la Japani, JICA, hapa nchini, alipigania wasichana wapate mashindano yao wenyewe, na mwaka 2017 yakazaliwa mashindano ya riadha ya wanawake yaliyoitwa Ladies First, jijini Dar es Salaam. Urafiki alioujenga na Wajapani miaka ya 1980 akikimbia dhidi ya Seko uliwafungulia njia wasichana ambao hawakuwa wamezaliwa alipokimbia Fukuoka mara ya kwanza. Naliona jambo hilo kuwa kubwa kama kombe lolote alilolileta nyumbani.

Septemba 15, 2025, Alphonce Simbu wa Singida, mkoa jirani na Dodoma, naye askari wa Jeshi la Wananchi, aliingia kwenye uwanja wa Tokyo katika marathoni ya mashindano ya dunia akiwa anamfukuza Amanal Petros wa Ujerumani. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48. Ilibidi picha itazamwe, na ikaonekana Simbu ametangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika historia ya mashindano hayo. Nilifurahi kama kila Mtanzania, na mara moja nikamfikiria Ikangaa: jiji lile lile la Tokyo aliloshinda mara mbili, nyanda zile zile za kati, na safari hii pengo dogo kuliko sekunde ya Boston likaangukia upande wetu. Vijana waliomshangilia Simbu mitaani walijua jina lake, umri wake, na kijiji chake. Nilipowauliza baadhi yao kuhusu Ikangaa, walinitazama tu.

Dodoma ya leo ni makao makuu ya nchi, ina Bunge, chuo kikuu kikubwa, barabara pana za lami, na kila mwaka maelfu ya watu hujitokeza kukimbia marathoni katika mitaa yake. Jiji lenye mbio za namna hiyo na mwana kama huyo lina kazi ya kufanya. Ninawaomba waandaaji wa mbio za Dodoma watangaze kwenye mstari wa kuanzia, kabla ya mlio wa bastola, kwamba mzaliwa wa mji huu alishinda Tokyo mara mbili, Fukuoka mara moja, na New York kwa saa 2:08:01. Ninawaomba walimu wanaopeleka watoto kwenye mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA wawasimulie asubuhi ile ya Brisbane. Na ninyi wazee mliofuata matokeo yake kwenye Redio Tanzania, mliomwona kambini au barabarani akifanya mazoezi, waandikieni wajukuu mliyoyaona, pamoja na tarehe na majina, wakati bado mnayakumbuka.